Arobaini juu, arobaini na tatu chini: hesabu iliyompa Goggia tufe la 2018

Kuna ubishi mmoja wa michezo ambao sijawahi kuukuta kijiweni kwetu, na sitarajii kuukuta, lakini kila nikiukumbuka natamani ningekuwa na watu wa kubishana nao. Ni kuhusu wanawake wawili walioshuka kwa skii milima yenye theluji majira ya baridi ya 2017–18, mmoja Mmarekani na mwingine Mwitaliano. Kwenye msimamo wa Kombe la Dunia la mbio za mteremko walimaliza hivi: Sofia Goggia wa Italia alama 509, Lindsey Vonn wa Marekani alama 506.

Alama tatu, katika mchezo ambao mshindi wa siku moja hupewa alama 100.

Mashabiki wa Vonn wana hoja, na si hoja nyepesi. Mwanamke huyu alishinda mbio nne za mteremko msimu ule, Goggia akashinda mbili. Tena zile nne Vonn alizishinda mfululizo katika ratiba ya Kombe la Dunia: Cortina d'Ampezzo, Italia, Januari 20, Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani, Februari 3 na 4, kisha fainali ya Åre, Sweden, Machi 14. Katika mbio tatu kati ya hizo, Goggia alikuwa wa pili nyuma yake. Sasa mtu anakuuliza: bingwa gani huyu aliyemaliza msimu akiangalia mgongo wa mwenzake?

Mimi ni upande wa Goggia, na naona tufe lile la kioo, zawadi ya bingwa wa msimu, lilikwenda lilikostahili. Ila nakiri kwamba mwaka ule wenyewe, nikiwa bado na theluji kwenye viatu, nilikuwa upande wa pili.

Kwa ambaye mchezo huu haujui vizuri, mbio za mteremko ndizo mama wa skii za mlimani. Mtu anashuka mara moja tu. Hakuna mzunguko wa pili wa kurekebisha makosa, kama ilivyo kwenye slalomu, zile mbio za kupindapinda kati ya milingoti. Kabla ya siku ya mbio hupewa nafasi ya kufanya mazoezi kwenye mteremko uleule, aujue, aukariri, kisha siku yenyewe anatoka kibandani juu na kuja chini kwa dakika moja na nusu hivi, amechuchumaa kama yai, kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa na zaidi. Kuna sehemu inazidi 120. Skii zenyewe kwa wanawake hazipungui sentimita 210, ndefu kuliko mrefu yeyote unayemjua mtaani kwako. Pembeni kuna nyavu za rangi kali, na nyavu zile hazikuwekwa kwa urembo.

Alama zinagawiwa hadi kwa mtu wa 30. Wa kwanza 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa nne 50, kisha zinateremka polepole mpaka wa 30 anapoondoka na alama moja. Mwisho wa msimu zinajumlishwa, na mwenye nyingi katika aina ile ya mbio anapewa tufe dogo la kioo. Tufe kubwa ni la jumla ya aina zote, na mwaka ule lilikwenda kwa Mikaela Shiffrin. Kwa lugha ya mpira, tufe ni ligi na Olimpiki ni fainali ya kombe. Kila shabiki wa Simba au Yanga anajua tofauti ya vitu hivyo viwili, na anajua pia jinsi mtu anavyobadilisha maelezo kuhusu kipi kina uzito kufuatana na kipi amekipata mwaka huo.

Msimu ulianza Lake Louise, Kanada, Desemba 1, 2017. Mahali pale Vonn alikuwa ameshashinda mara 18, kiasi kwamba watu walizoea kupaita Lake Lindsey, kwa jina lake la kwanza. Kama kuna mlima duniani ambao angeweza kuushuka usiku umeme umekatika, ni ule. Siku hiyo alianguka, akaishia kwenye nyavu. Alama sifuri. Mshindi akawa Cornelia Hütter wa Austria, Tina Weirather wa Liechtenstein akiwa wa pili, na Shiffrin, ambaye watu walimjua kama malkia wa slalomu, akaingia wa tatu. Kesho yake Shiffrin akashinda kabisa, mteremko wake wa kwanza kushinda katika maisha yake. Vonn, mwili ukiwa bado unauma kwa anguko la jana, akawa wa 12. Alama 22.

Tusimame kidogo kwenye anguko hili, maana hapo ndipo watu wengi wanapoanzia na kuishia: asingeanguka Lake Louise, tufe lingekuwa lake. Ni kweli. Hata angefika chini wa 27 angelipata. Lakini hoja ya «asingeanguka» katika mchezo wa kuteremka ni sawa na kusema mpishi wetu ni bora kuliko wote ukitoa siku ile aliyounguza pilau. Kazi yenyewe ni kutokuanguka. Mtu yeyote mwenye ujasiri na uzito wa kutosha anaweza kushuka kasi. Wanaotofautishwa na mlima ni wale wanaofika chini wakiwa wamesimama, kasi ile ikiwa bado iko miguuni.

Kisha ikaja Bad Kleinkirchheim, Austria, Januari 14, 2018, kwenye mteremko wenye jina la Franz Klammer, shujaa wa Austria wa miaka ya 1970. Siku hii huwa haipewi nafasi kwenye vipande vya video, na kwangu mimi ndiyo siku kubwa ya msimu mzima. Waitaliano walifanya kama wamekodi mlima: Goggia wa kwanza, Federica Brignone wa pili, Nadia Fanchini wa tatu. Na Vonn? Wa 27. Alama nne.

Olimpiki ya Pyeongchang ilikuwa imebaki chini ya wiki nne. Vonn alikuwa na miaka 33, na goti alilovunja huko Schladming, Austria, mwaka 2013, likamkosesha Olimpiki ya Sochi mwaka uliofuata, lilikuwa limebeba historia ya kutosha kujaza faili la hospitali. Siwezi kumlaumu mwanamke wa namna hiyo akiamua, kwenye barafu ngumu ya Kleinkirchheim, kwamba leo nafika chini mzima na inatosha. Sijui kama ndivyo alivyoamua. Ila namba zipo: siku ile angekuwa wa 23 badala ya wa 27, angepata alama nane badala ya nne, na mwisho wa msimu angekuwa na 510 dhidi ya 509. Nafasi nne, tena huko chini kabisa ambako kamera zilishaanza kumrudia mshindi na watangazaji walishaanza kusoma matangazo ya biashara.

Hapo ndipo tufe lilipopotea, na hakuna aliyepiga kelele.

Cortina, wiki iliyofuata, wakashuka mara mbili. Mteremko wa Olimpia delle Tofane una sehemu moja maarufu karibu na juu, ambapo mtu anaingia kati ya kuta mbili za mawe kana kwamba anapenya uchochoro wa Mji Mkongwe, tofauti ni kwamba anapenya kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ijumaa, Januari 19, Goggia akashinda, Vonn wa pili kwa sekunde 0.47, Shiffrin wa tatu. Jumamosi Vonn akajibu, akashinda, ushindi wake wa 12 mahali hapo. Weirather wa pili, na Mmarekani mwingine, Jacqueline Wiles, akawa wa tatu.

Garmisch niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa naishi Munich wakati huo, nafanya kazi ya zamu jikoni, na Jumamosi ile sikuwa na zamu. Treni inakupeleka kwa muda usiofika saa moja na nusu. Nikasimama kwenye uzio chini ya Kandahar, mteremko wa Garmisch, nimevaa soksi jozi tatu, na baada ya nusu saa sikujua tena vidole vya miguu viko wapi. Mtu anayeangalia kwenye televisheni hawezi kujua sauti. Kwanza zinalia kengele za ng'ombe, maana watu wa kule wanatikisa kengele kama sisi tunavyopuliza mavuvuzela. Halafu, katikati ya kengele, unasikia mlio mkavu wa kitambaa kinachochanwa, uleule muuzaji wa dukani anapokukatia kitenge kwa mkono badala ya mkasi. Ni kingo za skii kwenye barafu. Unageuka, mtu ameshapita, mgongo wake unasimama mbele ya skrini, anatafuta rangi: kijani yuko mbele, nyekundu yuko nyuma.

Vonn alishinda siku ile kwa sekunde 0.02. Mzee wa Kijerumani aliyekuwa pembeni yangu na chupa yake ya chai alinyanyua kidole gumba na cha shahada, akaacha mwanya kama wa kushika punje ya mchele, akacheka. Nilicheka naye. Usiku nilipofika nyumbani nikapiga hesabu. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, sekunde 0.02 ni sentimita 56, mwanya mkubwa kuliko ule wa vidole vya mzee. Lakini ni sentimita 56 baada ya mlima mzima. Niliwaona wote wawili wakipita mita chache kutoka nilipo, na naapa kwamba bila ile skrini nisingeweza kukuambia nani amemshinda nani.

Siku hiyohiyo Wiles, yule wa tatu wa Cortina, alianguka na kuvunjika mguu. Olimpiki yake ikaishia pale, siku sita kabla ya mwenge kuwashwa. Mashabiki tuliopigia kengele sentimita 56 tulinyamaza sote kwa pamoja, na ni kimya ambacho bado nakisikia.

Jumapili Vonn akashinda tena, Goggia wa pili tena, safari hii kwa 0.11.

Nikarudi kazini Jumatatu nikiwa nimeshaamua: Vonn ni mwingine. Huyu dada wa Bergamo ni mzuri, lakini Vonn akiamua kushinda, anashinda. Nilikuwa kama yule mtazamaji wa ligi anayeanza kuangalia mwezi wa pili, anaikuta timu iko kwenye moto, anadhani imekuwa hivyo tangu Agosti.

Olimpiki haihesabiwi kwenye alama za tufe, kwa hiyo katika hesabu yangu ningeweza kuiruka. Lakini wanaosema Goggia alibebwa na kanuni ndio wanaonilazimisha niitaje. Februari 21, huko Jeongseon, Korea Kusini, Goggia alitoka na namba 5, akashuka kwa dakika 1 na sekunde 39.22. Vonn alitoka na namba 7, akafika kwa 1:39.69. Kisha Ragnhild Mowinckel wa Norway, namba 19, wakati watu wameshaanza kugawa medali vichwani mwao, akafika sekunde 0.09 nyuma ya Goggia na kumsukuma Vonn mpaka kwenye shaba. Tofauti ya Goggia na Vonn: sekunde 0.47. Namba ileile ya Cortina ile Ijumaa. Na mlima ule Vonn asingeweza kusema haujui, kwa sababu mwaka uliotangulia, Machi 2017, walishindana palepale katika mteremko na supa-G, aina nyingine ya mbio za kasi. Goggia akashinda zote mbili na Vonn akawa wa pili zote mbili.

Kwa Vonn mlima ule ulikuwa na jambo jingine zaidi ya medali. Babu yake, aliyemfundisha kupenda skii, alipigana vita vya Korea akiwa kijana, akafariki Novemba 2017, miezi mitatu kabla. Vonn alibeba sehemu ya majivu yake na kuyatawanya kule mlimani. Mwenye kutaka kujua kwa nini alilia baada ya shaba asitafute kwenye msimamo wa alama.

Na sisi wa pwani tulikuwa na mtu wetu pale. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998 na kuhamia Austria na mama yake akiwa na miaka mitatu, alibeba bendera ya Kenya akiwa mwanamichezo pekee wa nchi hiyo kwenye michezo ile. Hakushuka mbio za mteremko, alishuka supa-G, ambayo ni ndugu yake wa karibu: kasi karibu ileile, malango mengi zaidi ya kupita, na hakuna mazoezi ya kushuka kabla. Akafika chini. Ilikuwa ni supa-G ileile ambayo Ester Ledecká wa Czech, anayejulikana zaidi kwa kuteleza kwenye ubao mmoja, alishinda kwa sekunde 0.01 na kubaki ameduwaa mbele ya skrini kama mtu aliyetumiwa pesa kwa simu kimakosa. Kwenye redio za nyumbani Simader alipewa dakika mbili, nyingi zikiwa za kushangaa kwamba Kenya ina theluji. Nadhani alistahili swali la maana zaidi, kwa mfano: unafanyaje kuingia kwenye mlima ambao wenzako wana jopo la makocha na watu wa kupaka skii nta, na wewe shirikisho lako halina hata mteremko wa kufanyia mazoezi?

Turudi kwenye alama. Walipofika Åre kwa fainali, Goggia alikuwa na 429 na Vonn 406. Tofauti 23. Fanya hesabu kama Vonn alivyoifanya: nikishinda napata 100, nafika 506. Goggia akiwa wa pili anapata 80, anafika 509, analichukua. Akiwa wa tatu anapata 60, anabaki 489, nalichukua mimi. Kwa hiyo, Vonn akifanya kila kitu sawasawa, Goggia alikuwa na nafasi moja tu duniani ya kuokoka. Ya tatu haitoshi. Ya pili tu.

Vonn alifanya kila kitu sawasawa. Alishinda, ushindi wake wa 82 wa Kombe la Dunia, nne nyuma ya rekodi ya wakati huo ya Ingemar Stenmark wa Sweden, 86. Goggia akawa wa pili, kwa sekunde 0.06. Alice McKennis, Mmarekani, akawa wa tatu. Kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, sekunde 0.06 ni mita mbili. Nimesema skii zao hazipungui sentimita 210. Kwa hiyo Vonn alimtangulia Goggia kwa umbali usiofika urefu wa skii moja, na akalikosa tufe.

Sasa hesabu iliyonigeuza. Mbio zilikuwa nane. Chukua tano bora za kila mmoja. Vonn: ushindi nne na nafasi ya pili moja, jumla 480. Goggia: ushindi mbili na nafasi ya pili tatu, jumla 440. Vonn yuko mbele kwa 40, na hapo mashabiki wake wana haki ya kupiga meza. Sasa chukua tatu zilizobaki, zile mbaya, zile ambazo hakuna anayezitundika ukutani. Vonn: sifuri, 22, na nne. Jumla 26. Goggia: 69. Hapo Goggia yuko mbele kwa 43. Arobaini juu, arobaini na tatu chini. Msimu wote uko ndani ya namba hizo mbili.

Miaka ya 1970 na 1980 Kombe la Dunia lilikuwa likihesabu matokeo machache bora tu ya kila mtu katika kila aina ya mbio, na mabaya yakitupwa. Kwa kanuni ya namna hiyo, ukihesabu tano bora, Vonn angelichukua tufe hili bila jasho na mimi nisingekuwa na makala. Watu wenye akili waliitetea kanuni ile: ilimlinda mtu dhidi ya bahati mbaya, upepo ukibadilika katikati ya mbio, ukungu ukishuka, theluji ikilainika. Katika mashindano yenye raundi nane tu, sifuri moja inauma mno. Ligi ya mpira ina raundi 30 na ushei, kipigo kimoja unakifidia. Hapa, ukianguka mara moja, umeshapoteza moja ya nane ya msimu wako kabla hujakunywa chai ya jioni.

Hoja hiyo naielewa na bado naikataa. Kanuni ya kutupa matokeo mabaya inamwambia mtu: jirushe, ukianguka tutajifanya hatujaona. Katika mchezo ambao Wiles alivunjika mguu, sioni kwa nini tuwape watu sababu ya ziada ya kujirusha. Kuhesabu kila mbio kunamlazimisha mwanamichezo aupime mlima wa leo dhidi ya msimu mzima, na upimaji huo ni sehemu ya ufundi kama ilivyo kona ya mwisho.

Kichekesho ni kwamba wa kufundishwa somo hilo alitakiwa awe Goggia. Kabla ya hapo sifa yake ilikuwa ni kushuka kama mtu anayekimbia deni. Magoti yake yameshafanyiwa upasuaji mara nyingi tangu akiwa binti. Mikono hewani, skii moja ikining'inia, mtangazaji akishika kichwa: huyo ndiye Goggia tuliyemzoea. Na Vonn ndiye aliyekuwa mashine, mwenye matufe manane ya mteremko kabatini, yaliyopatikana kwa uthabiti uleule wa siku mbovu ninaousifu hapa. Msimu huu walibadilishana mashati.

Kuna hoja ya mwisho ya upande wa Vonn, na ndiyo inayosemwa zaidi: alama ni alama tu, uso kwa uso Vonn alikuwa mkali zaidi. Basi tutumie saa badala ya alama, kama ligi inavyotumia tofauti ya mabao timu zikifungana. Vonn alimshinda Goggia Garmisch kwa 0.02, Garmisch tena kwa 0.11, Åre kwa 0.06. Jumla ya mbio tatu ni sekunde 0.19. Goggia alimshinda Vonn Cortina kwa 0.47, na Jeongseon kwa 0.47. Jumla ya mbio mbili, 0.94. Na hapo sijaigusa Kleinkirchheim, ambako mmoja alikuwa wa kwanza na mwingine wa 27. Vonn alishinda kwa upana wa mlango, Goggia akashinda kwa upana wa uwanja. Alama hazioni hilo: ushindi wa sentimita 56 na ushindi wa mita 13 vyote ni 100 kwa 80. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyepunjwa na mfumo wa alama msimu ule, kwa saa zinavyosema, hakuwa Mmarekani.

Najua shabiki wa Vonn atanijibu kwamba nimechagua mbio zinazonifaa, kwamba Jumamosi ya Cortina sikuiweka kwenye mizani. Ni kweli sikuiweka. Vonn alikuwa wa kwanza siku ile na Goggia hakuwa hata kwenye jukwaa. Aiweke yeye, na mimi naiweka Kleinkirchheim, tuone mizani inalalia wapi.

Nilipoanza kuandika haya nilifungua tena picha niliyopiga pale Garmisch kwa simu. Ni picha mbaya: uzio, mgongo wa koti la mtu, na kwa mbali mwanamke mwenye kofia ngumu anayeangalia juu kwenye skrini. Nimeivuta, nimeikuza, bado siwezi kujua ni yupi kati yao.

Msimu uliofuata Goggia alivunjika kifundo cha mguu Oktoba, mazoezini. Vonn akaumia goti Novemba, mazoezini pia. Kombe la Dunia lilipofika tena Lake Louise, hakuna kati yao aliyekuwepo kibandani kule juu. Mbio zote mbili za mteremko zikachukuliwa na Nicole Schmidhofer wa Austria, na Machi akachukua na tufe.